Ukame Katika Nchi ya Ukambani

1. Nchi na mvua zake

Upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, katika Kenya, iko nchi iitwayo Ukambani. Wenyeji wake ni Wakamba, na siku hizi nchi yao imegawanyika katika kaunti tatu, yaani Machakos, Makueni na Kitui. Upande wa magharibi pana vilima, kama vile vya Iveti na Mbooni. Huko mvua ni nyingi kidogo, na mashamba yamepangwa ubavuni mwa vilima kama ngazi. Lakini mtu akishuka kwenda mashariki, joto huzidi, miti huwa mifupi yenye miiba, na mibuyu husimama peke yake katika nyika.

Mvua za nchi hiyo huja mara mbili kwa mwaka. Mvua za kwanza hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua za pili kati ya Oktoba na Desemba. Katika sehemu nyingi za pwani masika ndiyo mvua kubwa, lakini mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi mvua ya mwisho wa mwaka. Mito iliyo mikubwa, Tana na Athi, hutiririka mwaka mzima. Mito mingine mingi hujaa maji kwa saa chache tu baada ya mvua, kisha hubaki mchanga mtupu.

Hapa yafaa kutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kiangazi ni majira ya jua yanayokuja kila mwaka, na kila mtu huyatazamia. Ukame ni kukosekana kwa mvua katika msimu uliopasa kuwa wa mvua. Njaa ni kukosekana kwa chakula nyumbani. Kiangazi si ukame, wala ukame si njaa. Kati ya mbingu iliyokauka na chungu kitupu pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndipo kazi ya mwanadamu ilipo. Habari za Ukambani zaonyesha jambo hilo waziwazi.

2. Sababu za mvua kukosa

Mvua za Afrika Mashariki hutegemea sana bahari. Jua hupasha maji joto, mvuke hupanda, na pepo huuchukua mpaka bara. Joto la bahari likibadilika, mvua nazo hubadilika. Bahari yenyewe si Bahari ya Hindi tu. Mbali sana, katika Bahari ya Pasifiki, iko miaka ambapo maji ya katikati hupoa kuliko desturi. Wataalamu wa hali ya hewa huiita hali hiyo La Niña. Mara nyingi katika miaka hiyo mvua za mwisho wa mwaka za Afrika Mashariki hupungua.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Tangu Oktoba 2020 mpaka Desemba 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua kwa kufuatana katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa, wengi wao katika nchi kavu za kaskazini. Tena dunia nzima imezidi kuwa na joto, kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa na watu. Hewa yenye joto hunyonya maji ya ardhi upesi zaidi, na kwa hiyo ukame hata ukiwa sawa na ule wa zamani, hukausha shamba kupita zamani.

Basi, hakuna mkulima awezaye kuiamuru bahari. Lakini aweza kujua kwamba ukame utarudi, ijapokuwa hajui mwaka wake. Nchi iliyopata ukame mara nyingi haina sababu ya kushangaa ukija tena.

3. Jinsi ukame unavyoharibu

Ukame hauji kwa ghafula kama moto au gharika. Huja polepole, hatua kwa hatua, na kila hatua huitayarishia njia hatua inayofuata.

Kwanza majani ya malisho hukauka, na wachungaji huenda mbali zaidi. Visima vya mtoni hukauka, navyo huchimbwa kwa kina zaidi kila juma. Wanawake na wasichana, ambao ndio wachotaji, huondoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Msichana aliyekwenda maili tano kutafuta maji hawezi kufika shuleni kengele ikipigwa. Hata akifika, macho yake yana usingizi. Maji yakiwa haba watu hunywa ya aina yoyote waliyoyapata, pengine pamoja na wanyama, na magonjwa ya tumbo huongezeka.

Kisha mahindi hunyauka kabla ya kutoa masuke. Hapo watu wengi hukimbilia soko wakiwa na ng'ombe na mbuzi wa kuuza. Kwa kuwa wauzaji ni wengi na wanyama wamekonda, bei ya mnyama huanguka. Siku hiyo hiyo, kwa kuwa wanunuzi wa nafaka ni wengi na nafaka ni kidogo, bei ya mahindi hupanda. Mtu aliyeweza kumbadili ng'ombe mmoja kwa magunia kadhaa ya mahindi, sasa hupata gunia moja au pungufu. Hivyo ukame humpiga mfugaji mara mbili kwa fimbo moja.

Mwishowe watu huuza vyombo vya kazi, na hula mbegu waliyoiweka. Anayekula mbegu amekula mavuno ya mwaka ujao. Nayo ardhi, iliyonyang'anywa majani na kukanyagwa na kwato, hubaki uchi. Mvua inaporudi haipati kitu cha kuizuia. Hukimbia juu ya ardhi na kuchukua udongo mwororo mpaka mtoni. Kwa sababu hiyo ukame mmoja huweza kuyafanya madhara ya ukame unaofuata yawe makubwa zaidi.

4. Njaa mbili zenye majina

Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa kubwa jina lake, ili wajukuu wajue. Majina mawili yatosha kwa somo hili.

La kwanza ni Ngomanisye, maana yake njaa iliyoenea kila mahali. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, hasa miaka 1898 na 1899. Kabla yake ugonjwa wa sotoka ulikuwa umekwisha kuua ng'ombe wengi, na nzige walikuwa wamekula mashamba. Mvua zilipokosekana watu hawakuwa na akiba ya kushika. Kisha ndui ikaja juu ya miili iliyodhoofika. Watu wengi sana walikufa. Wengine waliacha makwao wakaenda kutafuta chakula kwa majirani wa nchi za juu. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado inajengwa, nayo ilifika Nairobi mwaka 1899. Katika sehemu nyingi hapakuwa na njia ya kuleta chakula upesi ila kwa vichwa vya watu.

La pili ni Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa huku nimeshika", yaani nimeshika fedha mkononi. Ni njaa ya mwaka 1984, mvua za Machi mpaka Mei zilipokosekana karibu kabisa. Katika miaka iliyotangulia watu wengi walikuwa wamepata fedha kwa kahawa, kwa kazi za mjini na kwa biashara. Lakini fedha hailiwi. Mtu alikwenda dukani na shilingi zake, akakuta rafu tupu. Jina lile lina uchungu, tena lina hekima: fedha ni akiba nzuri ikiwa tu kuna mahali pa kununua chakula.

Hata hivyo, njaa ya 1984 haikuua kama ile ya Ngomanisye, wala haikukaribia. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo mapema, yakaletwa kwa meli, kwa reli na kwa malori, yakagawanywa na kuuzwa vijijini. Tena mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuwekwa matuta. Mbingu zilikauka mara zote mbili. Kilichobadilika kilikuwa hapa chini.

5. Amri iliyoshindwa

Matuta hayo yana historia yake, nayo haikuanza vizuri.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa katika hali mbaya. Wakamba walikuwa wamezungukwa: upande mmoja mashamba ya walowezi wa Kizungu, na upande mwingine ardhi iliyoitwa ya Serikali, ambayo hawakuruhusiwa kuitumia kwa hiari yao. Zamani ukame ulipokuja mfugaji alihamisha ng'ombe wake mpaka malisho ya mbali; sasa njia ilikuwa imefungwa. Ng'ombe wakawa wengi mahali pamoja, majani yakaisha, na mvua zikachimba makorongo marefu ubavuni mwa vilima.

Serikali ya kikoloni iliona makorongo, ikasema dawa ni kupunguza ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuchukuliwa na kuuzwa kwa nguvu, kwa bei ndogo. Kwa Mkamba ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya siku mbaya. Ndipo watu wengi, wanaume kwa wanawake, walipokwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao mmoja, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kukaa Lamu, mbali na kwao. Lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja amri nyingine, ya kuchimba matuta. Watu walilazimishwa kufanya kazi kwa makundi, na matuta yaliyochimbwa kwa haraka mara nyingi yalibomoka. Udongo wenyewe ulikuwa umechoka kweli, wala Serikali haikukosea kuliona jambo hilo. Ilikosea kudhani ya kwamba mtu atalitunza tuta asilolitaka katika shamba ambalo hana hakika nalo.

6. Fanya juu

Katika miaka ya 1950 mambo yalianza kugeuka. Wakulima waliachiwa nafasi zaidi ya kuchagua namna ya tuta, nao wengi walichagua ile iitwayo "fanya juu". Jina hili ni la Kiswahili, na limeenea mpaka katika vitabu vya wataalamu wa nchi nyingine.

Kazi yake ni hivi. Mkulima hupima ubavuni mwa kilima mstari ulio sawa, usiopanda wala kushuka. Juu ya mstari huo huchimba mtaro, na udongo autoao huutupa upande wa juu, si upande wa chini. Udongo ule huwa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani yenye mizizi mingi, ambayo huushika udongo, na yakikatwa huwa chakula cha ng'ombe. Mvua inaponyesha, maji yashukayo hukutana na ukingo, husimama na kunywewa na ardhi. Udongo uliokuwa ukichukuliwa nayo hutua hapo hapo. Mwaka baada ya mwaka nafasi iliyo nyuma ya ukingo hujaa, mpaka kilima chenye mteremko kinakuwa ngazi za mashamba yaliyo karibu kuwa sawa.

Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini, na mtu mmoja huchoka upesi. Kwa hiyo watu waliitumia desturi yao ya mwethya. Mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi pamoja katika shamba la mmoja wao, na kesho katika shamba la mwingine. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, na makundi mengi yaliongozwa nao. Kazi ambayo ingemshinda mtu mmoja kwa mwezi, kundi huimaliza kwa siku chache. Wahenga walisema: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Baada ya uhuru mwaka 1963 watu wengine waliyaacha matuta kwa muda, maana yaliwakumbusha shuruti. Lakini waliokuwa nayo walivuna hata mvua ilipokuwa kidogo, na majirani wana macho. Katika miaka ya 1970 kazi ilizidi tena, safari hii bila kiboko. Fedha za kahawa, matunda na mboga ziliwapa watu sababu ya kuitunza ardhi, na uwezo wa kulipia kazi.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya Machakos ya zamani, pamoja na sehemu iliyo Makueni leo. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka kama 240,000 katika mwanzo wa miaka ya 1930 mpaka karibu 1,400,000 mwaka 1989. Wengi walikuwa wametabiri kwamba ardhi ile itakuwa jangwa. Kumbe mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila mtu hayakupungua bali yaliongezeka. Nchi haikuponywa kwa kupunguza watu. Iliponywa na mikono ya watu hao.

7. Maji yaliyofichwa mchangani

Matuta huzuia maji shambani. Lakini watu na wanyama huhitaji maji ya kunywa pia, na hapa Ukambani ina jambo jingine la kufundisha.

Tangu zamani Wakamba walijua kwamba mto uliokauka haujakauka kabisa. Ukichimba mchanga wa mtoni utapata maji chini yake. Tembo nao walijua, nao huchimba kwa miguu na mikonga. Bwawa la mchanga ni njia ya kuongeza maji hayo yaliyofichwa.

Mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto, hujengwa ukuta wa mawe na saruji toka ukingo mpaka ukingo, na msingi wake hukaa juu ya mwamba. Mvua zikija, mto hufurika na kuleta mchanga na tope. Mchanga ni mzito, hutua nyuma ya ukuta. Tope ni jepesi, hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache mahali pote nyuma ya ukuta hujaa mchanga. Mtu asiyejua atadhani bwawa limeharibika. Kumbe sasa ndipo lilipokamilika, maana kati ya punje za mchanga mna maji.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili. Atwae kopo, alijaze mchanga mkavu wa mtoni, kisha amimine maji polepole huku akiyapima, mpaka yaonekane juu. Atashangaa kuona kopo "lililojaa" likipokea maji mengi. Mchanga mzuri huweza kushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake, hata zaidi ya theluthi. Maji hayo hayapigwi na jua, kwa hiyo hupotea kidogo tu hewani. Mbu hawana mahali pa kutagia mayai, ng'ombe hawayachafui, na mchanga huyachuja. Huchotwa kwa bomba lililowekwa ukutani au kwa kisima kilichochimbwa kando.

Mwaka 1978, huko Utooni katika Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake waliunda kundi la kujisaidia wenyewe, na mabwawa ya mchanga yakawa kazi yao kubwa. Baada yao makundi mengi mengine yamejenga Ukambani. Mahali palipo na bwawa jema, safari ya maji iliyokuwa ya saa nyingi imekuwa ya dakika chache. Msichana wa nyumba hiyo husikia kengele ya shule akiwa tayari njiani.

Nayo paa ya bati ni shamba la maji. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Darasa lenye paa ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 20, paa hiyo hupokea lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita 20 kila moja. Pasipo mfereji na tangi, maji hayo yote huanguka chini, na tena huchimba msingi wa nyumba.

8. Mbegu, ghala, zizi na habari

Maji yakisha kushikwa, bado kuna mambo manne ya kutengeneza.

La kwanza ni mbegu. Mahindi hupendwa na wengi, lakini yakikosa maji wakati wa kutoa maua hayazai. Mtama na mawele huvumilia zaidi. Mbaazi ina mizizi iendayo chini sana, na kunde na ndengu huiva upesi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Katumani, karibu na mji wa Machakos, walitengeneza mahindi yanayokomaa mapema, kabla maji ya udongo hayajaisha. Mkulima mwenye busara hapandi aina moja tu. Akipanda mahindi, kunde, mbaazi na mtama, ukame huweza kumnyang'anya kimoja au viwili, lakini si rahisi kumnyang'anya vyote.

La pili ni ghala. Mwaka wa mavuno mengi ndio mwaka wa kujitayarisha kwa njaa. Nafaka yapasa ikauke vizuri, maana nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu. Tena yapasa kulindwa na panya, fukusi na dumuzi kwa chombo kilichofungwa sana. Watu walionunua mbuzi na pikipiki kwa mahindi yao yote mwezi wa mavuno, mara nyingi huyanunua tena mahindi yale yale kwa bei mara mbili kabla ya msimu mpya.

La tatu ni zizi. Mfugaji akiona mvua imepungua auze baadhi ya wanyama mapema, wakiwa bado wanono na bei ingali juu, kisha anunue chakula na kuwalisha vizuri waliobaki. Kuuza kwa hiari kabla ya hasara ni jambo jingine kabisa na kunyang'anywa kama mwaka 1938. Nayo majani yaliyokatwa na kukaushwa wakati wa mvua ni ghala ya ng'ombe.

La nne ni habari. Kenya iliunda mamlaka ya taifa ya kushughulikia ukame mwaka 2011. Watu wake huangalia mvua, malisho, bei za sokoni na hali ya miili ya watoto wadogo, na kila mwezi hutoa taarifa kwa kaunti zenye nchi kavu. Kwa kuwa ukame hutembea polepole, mtu akionywa mapema ana nafasi ya kuuza, kununua, kuchimba na kuomba msaada kabla ya wengi kudhoofika. Lakini onyo lisilofuatwa ni kama ngoma ipigwayo kwa viziwi.

9. Mwisho wa somo

Wako watu wasemao kwamba ukame ni kazi ya mbingu, na kwa hiyo hakuna la kufanya. Wako wengine wasemao kwamba mtu akifanya bidii hatapatwa na kitu. Habari za Ukambani zawakatalia wote wawili. Ukame ungali unakuja huko. Katika misimu mibaya ya 2020 mpaka 2022 watu wengi wa Kitui na Makueni walihitaji msaada wa chakula, na hakuna tuta linaloweza kushika mvua isiyonyesha. Lakini mvua ndogo ikishikwa hutosha kwa mavuno madogo, na mavuno madogo pamoja na ghala, bwawa na majirani hutosha kumvusha mtu mpaka msimu mwingine.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vilima vya Machakos ufa ulikuwa korongo, na watu waliuziba kwa majembe, koleo baada ya koleo, wakitupa udongo juu.

Maswali

1. Eleza tofauti ya kiangazi, ukame na njaa.
2. Kwa nini bei ya ng'ombe huanguka wakati bei ya mahindi inapopanda?
3. Njaa ya 1984 iliitwaje, na jina hilo lafundisha nini?
4. Kwa nini amri ya mwaka 1938 ilishindwa, na matuta ya fanya juu yakafaulu?
5. Chora picha ya bwawa la mchanga, uonyeshe ukuta, mwamba, mchanga na maji.
6. Pima urefu na upana wa paa ya darasa lako. Ikinyesha mvua ya milimita 15, itapokea lita ngapi?
7. Uliza wazee wa kwenu juu ya ukame mmoja wanaoukumbuka. Nini kiliwasaidia, na nini kingaliweza kufanywa mapema?